Umeme Uliobaki Lihunje

Hadithi ninayo, ila leo sina nguvu ya kuwaita mara tatu mniitikie. Sogeeni tu. Anayeota moto aote, anayemenya viazi amenye, na mtoto anayesinzia alazwe upande wa ukutani asije akaanguka. Hadithi yenyewe haina sungura wala fisi. Ina watu watatu, tangi moja la maji, na jambo nililolibeba mpaka mabega yananiuma. Nikimaliza sitawapa jibu, maana sina. Nyinyi ndio mtanipa.

Basi, huku kwetu Lihunje, juu milimani ambako mwezi wa sita mtu hulala na mablanketi matatu na bado akaamka anatetemeka, kulikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Mzee Fokasi Mligo, mwenye mashine ya kusaga. Kipawa chake ni mkono unaotoa. Msinielewe vibaya, ana mdomo pia. Huyu mzee hulalamika tangu jogoo anawika hadi kuku anaingia bandani. Lakini jambo la kijiji likitakiwa kulipiwa, yeye hulalamika huku mkono uko mfukoni tayari, na hautoki mtupu.

Wa pili ni Osmund Haule, fundi wa mtambo wetu wa umeme. Kipawa chake ni sikio. Wewe ukipita chini ya nguzo unasikia upepo; Osmund akipita anasikia waya unaolegea. Mkewe husema hajawahi kumficha kitu, kwa sababu Osmund humsikia hata akimeza mate.

Wa tatu ni Kolumba Mtweve, msusi wa vikapu wa kitongoji cha Ng'ambo. Kipawa chake ni ugeni. Kolumba akibisha hodi, hakuna nyumba inayoweza kumwacha mlangoni. Hana maneno mengi. Anakaa, anapokea uji, anauliza habari ya mgonjwa wako hata kama ulidhani hakuna anayejua kwamba una mgonjwa, na akiondoka unakuta umekwisha kukubali alichokuja kuomba.

Kabla sijafika mbali, niwaeleze umeme wetu, kwa sababu hautoki kwenye gridi ya taifa. Mapadri wa zamani walijenga banio la kuzuia maji mtoni, wakachimba mfereji, wakaweka mtambo chini ya mteremko. Walipoondoka walituachia. Sasa ni mali yetu sisi tunaoutumia, tumejiunga jumuiya, na mwenyekiti wake ni mimi. Nilichaguliwa siku niliyotoka mkutanoni mara moja kwenda kuangalia chungu cha maharage. Niliporudi nikakuta wananipigia makofi.

Mtambo ule una tabia moja. Maji yakiuzungusha, umeme unaotoka lazima uliwe wote papo hapo. Usipoliwa, mtambo hukimbia kupita kiasi na kujivunja wenyewe. Ndiyo maana mapadri waliweka tangi la chuma kando ya nyumba ya mtambo, lenye hita ndani, na umeme ambao hakuna aliyeutumia huenda humo kuchemsha maji. Ukitaka kujua Lihunje imebakiza umeme kiasi gani, huhitaji kipimo. Unaweka kiganja kwenye tangi.

Mchana tangi lilikuwa la moto, kwa sababu watu wako mashambani. Tatizo lilikuwa jioni. Jioni kila nyumba inawasha taa, inachomeka jiko la koili, inabandika maharage, na maharage ya kwetu ni magumu, yanachemka hadi mtu anasahau alikuwa na njaa ya nini. Saa hizo tangi lilikuwa baridi kabisa, na taa zilififia zikawa nyekundu kama kiini cha yai. Mashine ya Mzee Fokasi ilikatazwa kusaga jioni. Na Ng'ambo, ambako ndiko mfereji unapita katikati ya mashamba yao, hawakuwahi kufungiwa hata taa moja. Kila walipoomba waliambiwa umeme umejaa.

Tungefanyaje? Mto hauongezwi. Hata ungeleta mtambo wa ukubwa wa kanisa, maji ni yaleyale. Basi tukakaa, tukakubaliana kwamba kila uniti ya umeme mtu anayonunua iongezwe bei kidogo, kiasi cha chumvi unayoibana kwa vidole viwili, na hicho kidogo kiingie mfuko wa kuzuia upotevu. Watu wakauita mfuko ule Chumvi, na jina likaganda.

Msidhani walifurahi. Batista, jirani yangu, ambaye hajawahi kukosa mkutano wala kukosa la kusema, alisimama akauliza, "Mama Mwenyekiti, nieleweshe. Tunaongezewa bei ili tutumie kidogo? Si sawa na kumlipa mtu akuzuie kula?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Sasa sikilizeni kazi ya hao watatu.

Mzee Fokasi alitoa. Chumvi ilikuwa inakatwa kwenye uniti, na mwenye kununua uniti nyingi kuliko nyumba zote za mtaa wa juu ni mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo sisi tulibana vidole viwili, yeye akachota kwa kiganja. Alilalamika, nani angemzuia. "Nanunua globu za watu ambao hata salamu hawanipi," alisema. Lakini hakuwahi kuchelewa, na hakuomba apunguziwe. Kwa Chumvi ile tukanunua globu mpya, zile nyeupe zinazokula kidogo, zikaingia kila nyumba, na kila nyumba ikatoa zake za zamani tukazivunja shimoni. Watu wakaona nyuso za watoto wao vizuri. Jioni ile nikaenda kwenye tangi, nikaweka kiganja. Baridi.

Osmund alisikiliza. Alipita nguzo kwa nguzo, tangu kwenye mtambo hadi nyumba ya mwisho, anasimama, anafumba macho, anaendelea. Palipounganishwa vibaya alipanda, akafungua, akasafisha, akafunga upya. Alikuta waya uliofungwa kwa kamba ya katani, na mwingine uliokuwa unagusa mti na kuupasha joto mti bila faida ya mtu. Alifungua mota za maseremala na kuziweka sawa. Mvua za masika zilimkuta juu ya nguzo, na kifua kilimbana wiki nzima, akawa anakohoa na bado anapanda. Alipomaliza, umeme uliokuwa unapotea njiani ukaanza kufika majumbani. Jioni ile nikaenda kwenye tangi, nikaweka kiganja. Baridi, labda si ile baridi ya kwanza, lakini baridi.

Kolumba alitembea. Yeye alijua jambo ambalo sisi wenye umeme tulikuwa hatulitazami, kwamba kinachokula jioni ni maharage. Alisuka vikapu vikubwa vyenye mifuniko, akavijaza manyoya ya kondoo na vitambaa vya magauni makuukuu, akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Unachemsha maharage kidogo tu, anakueleza, halafu unayaondoa yakiwa bado yanatokota, unayaweka na chungu chake ndani ya kikapu, unafunika, unakwenda zako. Yanaendelea kuiva yenyewe kwa joto lake. Hakuna aliyeamini. Kwa hiyo Kolumba alikaa katika kila jiko mpaka maharage yakaiva mbele ya macho ya mwenye jiko, na akiondoka anaacha kikapu.

Hapa ndipo penye mambo, nanyi mnaijua desturi. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea kande kwenye bakuli, bakuli litarudi na mayai, au karanga, au hata majani ya chai, lakini haliendi bure. Kwa hiyo kila mama aliyepokea kikapu aliuliza, kama inavyopasa kuulizwa, "Kolumba dada yangu, nami nitakurudishia na nini?"

Kolumba alijibu nyumba zote jibu lilelile. "Sitaki kitu sasa. Umeme ukipata nafasi, mnivushie Ng'ambo."

Na nyumba zote zikasema ndiyo. Hata mimi nilisema ndiyo, kikapu kiko mapajani. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Unasema ndiyo, Mungu akipenda, halafu unamsindikiza hadi njia panda. Nani alidhani umeme utapata nafasi kweli?

Basi jioni moja baada ya vikapu kuenea, nikateremka kwenye tangi, nikaweka kiganja, nikakiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Saa ya kupika, taa zote zinawaka nyeupe, na tangi la moto. Nilisimama pale nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimechoka sana miaka ile.

Mtasema ni Kolumba aliyelipasha, kwa sababu alikuja mwisho. Nasi tulisema hivyo, kwa muda. Kisha ukatokea msiba kwa akina Ngailo, vikapu vikaachwa, majiko ya koili yakawashwa kupikia waombolezaji, na tangi likapoa. Tukasema kweli, ni Kolumba. Msiba ukaisha, joto likarudi. Halafu upepo ukang'oa kiungo kimoja cha waya karibu na shule, tangi likapoa mpaka Osmund alipopanda. Tukasema kumbe ni Osmund pia. Halafu mchuuzi mmoja akaja gulioni na globu za zamani, za bei ya kutupa, watu wakazinunua kama wamerogwa, tangi likapoa mpaka tulipozikusanya na kuzivunja na kununua nyingine kwa Chumvi, ambayo nyingi ni ya nani? Ya Mzee Fokasi. Kwa hiyo hapo hakuna ubishi, msije mkanipotezea muda nao. Mmoja akitoka, tangi ni baridi.

Ubishi uko kwenye kilichobaki. Osmund alitueleza mkutanoni kwamba umeme uliobaki jioni unatosha jambo moja. Unatosha kuendesha mashine ya Mzee Fokasi jioni. Au unatosha kuwasha taa Ng'ambo, taa tupu bila koili. Mawili kwa pamoja hautoshi.

Mzee Fokasi ndiye aliyesimama kwanza. Alivua kofia, jambo ambalo halifanyi kila siku.

"Mama Mwenyekiti, na jumuiya. Kina mama wanatoka shambani jioni. Wanafika na mahindi yao wanakuta nimefunga, kwa amri yenu. Sasa yule bwana wa njia panda ameweka injini ya dizeli, anasaga mpaka giza linaingia, na wateja wangu wanakwenda kwake. Bado kidogo nami nitafunga asubuhi pia. Mimi ndiye niliyenunua taa zenu. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa. Kivuli changu kiko wapi? Na niwaambie bila hasira, nikifunga mashine, hiyo Chumvi mtaibana kwa nani?"

Wengi waliitikia kwa kichwa, kwa sababu alisema kweli.

Kolumba alisimama polepole. Macho yake siku hizi yanatoa machozi, na msidhani analia. Vikapu vyote vile alivisuka usiku kwa mwanga wa koroboi, moshi unamwingia, ili watu wenye taa watumie taa zao vizuri.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mfereji unapita shambani kwetu. Tukilala tunayasikia maji yakienda kuwa taa zenu. Hatujawahi kuyazuia. Mimi nimewafundisha kubana kitu ambacho sijawahi kukishika. Vikapu vyangu viko majikoni mwenu, na kila mmoja wenu aliniuliza atanirudishia nini, na nilimwambia. Ahadi ni deni."

Akakaa. Kina mama wote mle ndani wakatazama miguu yao, na mimi yangu.

Tulidhani wamekwisha, maana Osmund hapendi kusimama mbele za watu. Lakini alisimama.

"Mimi naomba asipewe mtu," alisema.

Watu wakaguna. Mzee Fokasi akamtazama kana kwamba amemtukana.

"Mzee wangu, samahani. Dada Kolumba, samahani. Mtambo umechoka. Miaka yote umebebeshwa hadi mwisho wa nguvu zake kila jioni, nami naisikia beringi yake ikisaga. Sasa ndiyo mara ya kwanza umepumua. Mto ukipungua mwezi wa kumi, hicho mnachokiita kilichobaki ndicho kitakachotushika tusianguke. Mkikitoa sasa, kwa yeyote, mtambo ukifa tutakaa gizani wote, wa huku na wa Ng'ambo, na mashine ya mzee haitasaga hata mchana. Akiba haiozi. Mkiamua vingine, mimi sitagombana na mtu. Nitaweka funguo mezani, kwa sababu siwezi kukaa pale nikisikiliza kitu kikifa."

Mnaona nilipo? Methali tatu, zote za babu zetu, zote za kweli, na kila moja imekalia upande wake. Nilitamani mmoja wao aseme uongo kidogo, nipate pa kushikia.

Ndipo Batista akasimama nyuma. "Na sisi tunaooga je? Mbona hatuulizwi?"

Nisisahau kuwaambia hilo. Tangu tangi lipate moto jioni, watu walianza kushuka na ndoo. Maji ya moto, bure, kwenye baridi ile? Walipanga foleni. Halafu wakaja na akili mpya. Waligundua kwamba wakizima taa nyumbani, tangi linachemka zaidi, basi wakawa wanakaa gizani makusudi wapate ya kuogea. Tulikuwa na globu mpya nzuri, zimezimwa, na kijiji kizima kinanukia sabuni. Walidhani hiyo ndiyo faida yenyewe iliyokusudiwa. Sikuwahi kuwa mwenyekiti wa watu wasafi kiasi kile, wala waliochosha kiasi kile.

"Na jingine," Batista akaendelea. "Kazi imekwisha, tangi la moto. Chumvi ya nini tena? Tuifute."

Hapo watu wengi wakapiga makofi, na Osmund akashika kichwa, kwa sababu globu huungua, waya hulegea, na manyoya ya kikapu hulowa yakaoza. Niliahirisha mkutano. Mkutano uliofuata nikauahirisha tena. Mtaniita mwoga, sawa. Lakini hata kuahirisha ni kuamua, nililijua hilo, kwa sababu kila jioni isiyokuwa na uamuzi umeme ule ulikuwa unakwenda kuosha migongo ya watu.

Watu nao wakachoka na aibu ya vikapu. Wakaanza kuvirudisha. Mmoja alipeleka Ng'ambo kikapu kina viazi. Mwingine akaweka mahindi, mwingine kitenge kipya kabisa bado kina karatasi. Walidhani wakimjazia vizuri deni litakwisha. Kolumba aliwapokea, akawapa uji, akawasindikiza, na kesho yake viazi vikarudi, mahindi yakarudi, kitenge kikarudi, vyote ndani ya kikapu kilekile. "Sikusema viazi," ndilo neno alilotuma.

Jana jioni nilishuka kwenye tangi. Nilitaka maji ya kukanda magoti, sina haja ya kuwaficha, nami ni mmoja wa wale wa ndoo.

Nikapita kwa Mzee Fokasi. Alikuwa anafunga mlango wa mashine. Kina mama wawili walipita na mahindi kichwani, wakamsalimia kwa heshima, "Shikamoo baba," wakaendelea kuelekea njia panda. Akawaitikia marahaba. Alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. Safari hii hakulalamika, akaniambia tu, "Karibu, Mama Mwenyekiti," na kufuli ikamsumbua kuingia. Kukaa kimya kwa mzee yule kuliniumiza kuliko malalamiko yake yote.

Nikafika nyumba ya mtambo. Osmund alikuwa amelaza sikio kwenye chuma, macho amefumba. Akanionyesha kwa kidole, niweke na mimi langu. Nikaweka. Sikio langu limezoea vyungu, halijui mitambo, lakini nilisikia. Ndani ya ule mzunguko mlikuwa na kitu kinakwaruza, kinapotea, kinarudi.

"Beringi mpya?" nikamwuliza.

"Itanunuliwa kwa fedha gani, mama, wakiifuta Chumvi?" Akakohoa, akarudisha sikio lake pale lilipokuwa.

Nikazunguka nyuma. Wenye ndoo walikuwa bado hawajafika. Kwenye tangi nilimkuta Kolumba, ametembea kutoka Ng'ambo peke yake. Alikuwa amelowesha kitambaa kwenye maji ya moto, amekikamua, amekiweka juu ya macho, na ameegemea tangi kwa mgongo. Alinitambua kwa hatua.

"Macho yanasemaje, dada?" nikamwuliza.

"Yanasema giza linaingia mapema siku hizi." Akakigeuza kitambaa upande wa pili. "Maji yenu mazuri. Yananipoza." Nami nikaegemea kando yake, joto la tangi linatuingia mgongoni wote wawili, na kusema kweli lilikuwa tamu. Kisha akaniuliza, "Kikapu changu bado unacho?"

"Ninacho."

"Na maharage?"

"Yanaiva humo sasa hivi."

"Vizuri," akasema. "Usinirudishie viazi."

Mkutano ni kesho, na hauahirishwi tena. Mzee Fokasi atakuja na kofia yake. Osmund atakuja na funguo, ama ataziweka mezani ama ataondoka nazo. Kolumba ataletwa ameshikwa mkono. Batista atataka Chumvi ifutwe, na wenye ndoo watampigia makofi. Wote watanitazama mimi.

Basi hadithi yangu inaishia hapa, naitua kwenu jinsi mtu anavyotua mzigo wa kuni. Kuna umeme wa jambo moja. Kuna aliyetoa, kuna aliyesikiliza, kuna aliyetembea, na hakuna ambaye angeweza peke yake. Ukimpa Mzee Fokasi, kina mama watasaga jioni, Kolumba atasuka kwenye moshi mpaka macho yafumbe, na Osmund ataweka funguo mezani. Ukimpa Kolumba, mashine itafungwa na mfuko utakauka, na Osmund ataweka funguo mezani vilevile. Ukimsikiliza Osmund, mtambo utaishi, na waliongojea watangoja, huku sisi tunaoga. Na Chumvi yenyewe, tuendelee kuibana au tuiache?

Kikapu kiko pale chini ya meza yangu, mnakiona. Maharage yameiva, mtakula kabla hamjaondoka. Tukimaliza nitakiosha, nitakikausha, na kesho nitakibeba hadi mkutanoni, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Kiti changu hiki, kaa wewe. Ungeamua vipi? Na ndani ya kikapu, niweke nini?